Ukisoma Shamba la Wanyama, kaa na penseli

Kabla hujaenda mbali na riwaya hii ya George Orwell ya mwaka 1945, nakili zile amri saba za wanyama waliomfukuza mwenye shamba, kama zilivyoandikwa ukutani mara ya kwanza. Kisha kila nguruwe, ambao ndio watawala wapya, wanapojipa raha mpya, linganisha. Amri ya kutolala kitandani inaongezewa mashuka. Ya pombe inaongezewa “kupita kiasi”. Nyongeza ndogo tu, na wanyama wanadhani ni wao waliosahau! (Wengi wao kusoma kwenyewe ni kwa shida.) Pia weka alama kila Squealer, nguruwe anayewasemea watawala, anapouliza kama kuna anayetaka Jones, yule mwenye shamba, arudi. Mimi hutazama na waliosimama na Squealer: kuna mahali mbwa watatu wananguruma kando yake, na maswali yanakoma papo hapo.