Ukivuta kisima chako, kisima cha jirani hushuka: pima kabla ya kuongeza matuta

Kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba, mabonde ya Tabora hukamuliwa maji na watu wengi kwa wakati mmoja. Wenye vitalu vya tumbaku wanamwagilia, wenye nyanya na kabichi wanamwagilia, na kina mama wanateka ya nyumbani. Ni kipindi hichohicho ambacho maji ya ardhini yako chini kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndipo lawama zinapoanza: fulani kaleta mashine ya kuvuta maji, kisima chetu kimekauka. Mara nyingine lawama ni ya haki, mara nyingine siyo. Kamba yenye mafundo itakuonyesha ukweli uko wapi.

Sehemu kubwa ya mkoa huu imekaa juu ya mwamba wa matale. Juu ya mwamba mgumu kuna tabaka la mwamba uliooza, halafu kichanga, na kwenye mbuga, yaani sehemu tambarare za chini bondeni, udongo mweusi wa mfinyanzi. Visima vya mkono huchota maji kwenye kichanga na mwamba uliooza. Maji hayo hayako kwenye mto wa chini kwa chini kama wengi wanavyodhani. Yamejaa katikati ya chembe za mchanga, na husogea polepole sana.

Mashine inapovuta, maji ya kisimani hushuka kwanza, kisha maji ya ardhini yaliyo jirani huteremka kulifuata pengo. Kimo cha maji kuzunguka kisima huchukua umbo la faneli: karibu na kisima mteremko ni mkali, na kadiri unavyokwenda mbali unalala hadi usionekane. Ng'ombe wanaoingia joshoni hufanya vivyo hivyo, uwanjani wametawanyika lakini mlangoni wanabanana. Maji nayo yakikaribia kisima njia huwa finyu, hivyo yanahitaji mteremko mkali zaidi ili yapite. Ndiyo maana maji ya kisimani kwako yanaweza kushuka mita 3 huku kisima kilicho mita 30 pembeni kikishuka sentimita 20 tu. Hizo 20 zinatosha kuacha ndoo ya jirani ikikwaruza tope, kama kisima chake ni kifupi. Faneli mbili zikikutana, ushukaji unajumlishwa: cha kwako pamoja na cha mwenzako.

Kwa kisima kirefu kilichotobolewa kwenye mwamba mgumu hesabu ya umbali huvurugika, kwa sababu maji hupita kwenye nyufa. Kisima kilicho mita 200 kwenye ufa uleule kinaweza kushuka, na cha mita 40 nje ya ufa huo kisitikisike.

Sasa kamba. Tafuta kamba isiyovutika, funga nati nzito mwishoni, piga fundo kila sentimita 50, na weka alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima ili upime kutoka sehemu ileile kila siku. Pima alfajiri kabla mtu hajateka: hicho ndicho kimo cha maji yaliyotulia. Vuta kama kawaida yako, zima, pima tena, kisha pima kila baada ya dakika 15 kwa saa moja ya kwanza, na mara ya mwisho alfajiri inayofuata. Siku hiyohiyo mwombe jirani asiteke, na kisima chake kipimwe kwa saa zilezile. Usikate tamaa kama nusu saa ya kwanza hakuna mabadiliko kwake. Mwanzoni mashine inakula maji yaliyohifadhiwa ndani ya kisima chako tu. Ardhi hujibu baadaye, na kisima cha jirani kinaweza kuendelea kushuka hata baada ya mashine kuzimwa.

Kujua lita, zidisha kipenyo kwa kipenyo (kwa mita), kisha mara 785. Kisima cha kipenyo cha mita 1.5 kina takriban lita 1,770 kwa kila mita ya kina. Chenye maji ya mita 4 kina lita 7,000 hivi, lakini usizihesabu zote. Futi valvu, yaani valvu ya mwisho wa mpira wa kuvutia, ining'inie sentimita 50 juu ya sakafu, na uzime maji yakibaki sentimita 50 juu yake. Zinabaki lita 5,300, ambazo mashine ya inchi 2 inayotoa lita 300 kwa dakika itazimaliza kabla ya dakika 18. Kama baada ya hapo maji yanapanda sentimita 30 kwa saa, kisima kinaingiza lita 530 tu kwa saa, na mwendo huo hupungua kadiri kinavyojaa. Bustani ya robo eka ikihitaji milimita 5 kwa siku inakula lita 5,000. Yaani kisima hicho kimefika mwisho wake kwenye robo eka, hata mashine iwe kubwa namna gani.

Kwa hiyo pampu ndogo inayovuta polepole, ikijaza tangi lililoinuliwa, inafaa kuliko mashine kubwa inayokausha kisima kwa pupa. Kisima kikikaushwa ghafla, maji huingia kwa kasi na kubeba mchanga; ukuta nyuma ya pete za zege unabaki na shimo, pete zinakaa upande, na mchanga huohuo unasaga pampu. Pampu ikivuta hewa, sili yake (mpira wa kuzuia maji kuvuja) inaungua. Ila tusidanganyane: kuvuta polepole kunapunguza ushukaji wa kisimani, hakupunguzi jumla ya maji uliyochukua. Lita 5,000 kila siku kwa miezi mitatu ni zilezile. Kinachopunguza jumla ni matandazo ya nyasi, kumwagilia jioni au alfajiri, na kupunguza matuta.

Faneli pia hugeuza mwelekeo wa maji. Choo au sehemu ya kuchanganyia dawa ambayo zamani maji yake yaliteremka kuelekea mbugani, sasa yanaweza kuvutwa kwako. Acha angalau mita 30, na zaidi kwenye kichanga.

Visima vilivyokaribiana visivute kwa wakati mmoja. Mmoja avute asubuhi, mwingine jioni, na kisima cha kunywa kipewe nafasi kwanza. Pima pia kila mwisho wa Aprili na kila Oktoba, uandike daftarini. Kushuka kati ya tarehe hizo ni kawaida ya kiangazi. Kama kimo cha Aprili kinazidi kuwa chini miaka mitatu mfululizo ilhali mvua zilikuwa nzuri, bonde linatumiwa kuliko linavyojazwa, na hiyo ni hoja ya kupeleka kijijini na bodi ya maji ya bonde, ambako kibali cha kumwagilia kwa mashine hutolewa.

Wengi hukimbilia kuchimba zaidi. Inasaidia kama bado kuna mwamba uliooza chini. Jembe likianza kugonga matale magumu, unaongeza ghala, siyo chemchemi.

Wengine huishusha mashine ya petroli kisimani, kwa kuwa kwenye mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi mpira wa kuvutia hauamshi maji vizuri yakiwa zaidi ya mita 6 chini ya mashine. Usifanye hivyo kamwe. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu yake yenyewe, na mshumaa unaoshushwa kupima hewa hauigundui. Maji yakishuka kiasi hicho tumia pampu ya kuzamisha, ya sola au ya jenereta inayobaki juu, mbali na mdomo wa kisima. Na anayeshuka kusafisha afungwe kamba kifuani, ili akilegea avutwe kutoka juu bila mtu mwingine kumfuata.