Somo: Mashujaa wa karatasi juu ya vifuniko vya soda

Tangu niweke picha ya meza yetu ya Jumamosi, tukicheza mchezo wa kusimulia kwa dadu, watu wananiuliza wale watu wadogo tumewanunua duka gani hapa Lubumbashi. Hatukuwanunua. Ni karatasi ya duplikateri, wino mweusi, kartoni ya dawa ya meno na vifuniko vya soda. Leo nawaandikia kazi yote, pamoja na pale nilipoharibu.

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne watano wanazunguka meza, kila mmoja ana mhusika wake, mmoja ndiye msimulizi. Msimulizi anasema, "Ngazi inashuka kwenye mgodi wa zamani, chini mnasikia maji." Nyinyi mnaamua mtafanya nini, dadu (ya nyuso 20) inaamua kama mmefaulu. Mchezo wa kwanza kuuzwa wa namna hiyo, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Walioutunga, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa wapenzi wa vita vya mezani vya askari wadogo wa madini, ndiyo maana mpaka leo wachezaji wengi wanataka kumwona mhusika wao amesimama mezani. Sanamu za madini na za plastiki zipo na ni nzuri. Ila kuagiza mtu mmoja wa urefu wa kidole kutoka ng'ambo, halafu umsubiri miezi, hapana.

Vipimo kwanza. Huko mchezo ulikotoka, uwanja huchorwa miraba ya inchi 1, yaani sm 2.54, na mraba mmoja unahesabiwa kuwa futi 5, kama mita moja na nusu. Sisi tunachora miraba ya sm 3. Sababu haina ufundi wowote: kifuniko cha soda kina upana wa karibu sm 3, na ukikiweka kwenye mraba wa inchi, mashujaa wawili wakisimama jirani wanasukumana kama abiria wa taksi-basi.

Hatua ya 1: Kugawa karatasi

Karatasi ya A4 ina sm 21 kwa 29.7. Kila shujaa anahitaji ukanda wa sm 2.5 upana na sm 10 urefu: nusu sentimita ya mguu, 4.5 za mbele, 4.5 za mgongo, nusu nyingine ya mguu. Mbele na mgongo wanagusana vichwa, kama watu wawili waliolala kichwa kwa kichwa, ili ukikunja katikati wote wasimame. Zinaingia nguzo 8 kwa safu 2, watu 16. Piga mistari kwa kreyo (penseli), taratibu, rula isiteleze.

Hatua ya 2: Kivuli kabla ya sura

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nitakaa kidogo.

Kundi langu la kwanza lilikuwa na watu sita. Niliwachora siku nne: nyusi, vifungo vya shati, hata pete kidoleni. Jioni ya kucheza umeme ukakatika, tukawasha mshumaa, na wale sita wakawa njiti sita za kiberiti. Rafiki yangu akamshika mwizi wangu akidhani ni mpiga mishale wake, akamtembeza miraba minne, akamtumbukiza shimoni. Tulibishana mpaka usiku kama amekufa au hajafa.

Kwa hiyo usianze na uso. Mjaze mhusika wako wino mweusi mwili mzima, awe kivuli ukutani. Simamisha hicho kivuli upande wa pili wa meza. Ukimtambua ni nani, rudi umchore. Usipomtambua, mvunje umchore upya, hata kama ulishampenda.

Kinachotambulisha kivuli ni kitu kinachotoka nje ya mwili: mkuki unaopita kichwa, kofia pana, mfuko mgongoni, magoti yaliyopinda. Mwizi wangu wa sasa amechuchumaa, ana taa mkononi. Hakuna mwingine aliyechuchumaa mezani. Mwenye upanga amepanua miguu. Ninayempenda zaidi ni mfua shaba: amebeba msalaba wa shaba mgongoni, ile misalaba ya Katanga iliyokuwa pesa ya wazee kabla ya wakoloni. Ncha zake nne zinatokeza mabegani kama pembe, na hata kwa mshumaa unamjua.

Wale watu wa msituni wenye masikio marefu, wanaoitwa elfi (si elfu, tafadhali, mmoja alinidai franka), msitegemee masikio yao. Kwa urefu wa sm 4 sikio halionekani. Mpe upinde mrefu na mwili mwembamba.

Hatua ya 3: Mgongo

Watu wengi wanachora mbele peke yake, mgongo wanauacha mweupe. Ni kosa, kwa sababu aliyekaa mbele yako mezani anacheza na karatasi tupu jioni nzima.

Kunja ukanda kichwani, uubandike kwenye kioo cha dirisha mchana, uone mbele ikipenya, kisha fuata ukingo wake kwa kreyo upande wa mgongo. Upanga ulio mkono wa kulia utakaa wenyewe mahali pake, huna haja ya kufikiria kulia na kushoto. Baada ya hapo chora nywele, mkanda, mfuko. Mgongo hautaki mengi.

Hatua ya 4: Wino

Tumia biki nyeusi nzuri au maka yenye ncha nyembamba. Ukingo wa nje uwe mnene mara mbili ya mistari ya ndani. Kati ya miguu usiache uwazi, jaza weusi. Utanishukuru wakati wa kukata.

Jambo la vivuli vya nguo. Usipake kijivu kwa kidole au kwa maji, kwa sababu fotokopi inakigeuza kuwa doa. Weka mistari midogo, mifupi, mmoja kando ya mwingine. Kwa hili sisi wa Lubumbashi tuna mwalimu nyumbani. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji hapa, mji ukiitwa bado Elisabethville, watu wakaijua kwa jina la Hangar. Mmoja wa wachoraji wake, Mwenze Kibwanga, alikuwa anajenga mwili mzima wa mtu kwa vistari vya rangi vilivyopangwa sambamba. Tafuta picha ya kazi yake uitazame kwa makini kabla ya kuchora joho. Bela, wa karakana hiyohiyo, alipaka kwa ncha za vidole. Kwa mtu wa sm 4 kidole ni kikubwa mno, lakini njiti ya kiberiti iliyochovywa inatoa vidoti vizuri vya ngozi ya chui. Pilipili Mulongoy, naye wa karakana hiyo, na majani yake na ndege wake, muache kwa ajili ya ramani ya uwanja.

Hatua ya 5: Fotokopi

Karatasi ya kwanza, ile ya mkono wako, usiikate kamwe. Ipeleke fotokopi, utoe nakala, uweke mama yao kwenye bahasha. Shujaa akifa unakata mwingine.

Mwombe kijana wa mashine asipunguze ukubwa. Nyingine zinapunguza zenyewe, na ukanda wako wa sm 10 unarudi 9 na kitu. Pima kwa rula palepale kabla hujalipa. Mashine ya unga (tona) ndiyo bora, kwa sababu unga wake unayeyushwa kwa moto ukashika karatasi, hauvuji ukipata maji. Zile za wino wa maji zinavuja ukipaka gundi, shujaa analia machozi meusi.

Rangi inawekwa sasa, kwenye nakala. Penseli za rangi za watoto zinatosha. Rangi mbili kwa kila mtu, tatu zikizidi.

Hatua ya 6: Gundi na kukata

Kata kipande cha kartoni ya dawa ya meno, sm 2.5 kwa 5. Kifunike kwa ukanda, mbele huku, mgongo kule. Gundi nyeupe ya dukani ni rahisi zaidi. Mimi napika ya unga wa muhogo: kijiko kimoja kikorogwe kwenye maji baridi kidogo, umimine maji moto huku unakoroga, moto mdogo mpaka iangaze. Paka nyembamba, pande zote mbili kwa mara moja. Ukipaka upande mmoja ukasubiri, kartoni inapinda kuelekea huko ikikauka. Kisha weka chini ya vitabu vizito mpaka kesho yake. Nasema kesho yake.

Kukata, acha milimita 1 au 2 nje ya ukingo. Wembe kwa mistari iliyonyooka, mkasi mdogo kwa mizunguko, na uzungushe karatasi badala ya kuzungusha mkasi. Mkuki mwembamba usiukate peke yake, utavunjika siku ya kwanza. Uache umeshikana na mwili kwa kipande cheusi. Mwisho pitisha maka nyeusi kwenye ule ukingo mweupe uliokatwa. Dakika moja tu, lakini mtu anabadilika kabisa.

Hatua ya 7: Kifuniko

Kifuniko kilale meno juu. Dondosha nta ya mshumaa mpaka kijae nusu, simamisha mguu wa shujaa humo, mshike uhesabu hadi thelathini. Kwa gundi ya muhogo nilijaribu, ikikauka inabanduka kwenye bati yenyewe.

MAULIZO YA WANACHAMA

Wa Katuba: Yaya, mkubwa wangu, niko na ulizo. Umesema safu 2 za sm 10, inabaki sm 9.7 ya bure. Si ungepunguza urefu wa mtu uwe 4.3? Ukanda unakuwa 9.6, safu tatu ni 28.8, unapata watu 24.

Jibu: Mudogo wangu, nimechukua rula nikahesabu mara mbili. Una haki. Milimita 2 za kichwa zimeninyima watu wanane kila karatasi kwa muda wote huu. Ila angalia ukingo: inabaki milimita 9, nne na nusu kila upande, na mashine nyingi hazifikishi unga mpaka mwisho kabisa wa karatasi. Jaribu nakala moja kwanza.

Mama wa wawili, Kampemba: Mtoto wangu wa miaka kumi na miwili ameanza kuchora hawa watu, nimeona mmoja ameandikwa "mulozi", yaani mchawi. Hapa kwetu neno hilo si la mchezo. Nifanye nini?

Jibu: Mama, nakuelewa kabisa, na sisi yalitukuta. Tulikuwa tunamwita mhusika mwenye fimbo hivyohivyo, jirani akasikia kupitia dirishani, tukaeleza mpaka jasho. Kwenye mji ambako mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani kwa neno hilo, sisi tumeliacha. Kwetu anaitwa "msoma nyota": ana kitabu na fimbo, anawasha mwanga gizani. Mchezo haukupungua kitu. Kaa naye meza moja siku moja, Mama, umwombe akuchoree wako.

Wa Goma: Huku kwetu mawe ya lava yamejaa hata uani. Naweza kuyatumia badala ya vifuniko?

Jibu: Ndugu, kwa kusimamishia watu hapana, jiwe la lava halikai sawa, na lile lenye matundu ni jepesi kuliko linavyoonekana. Lakini usilitupe. Vipande vya ukubwa wa kidole gumba vikipangwa kwenye miraba ni kuta za pango ambazo sisi huku tunazichora tu. Lisugue chini kwenye sakafu ya saruji mpaka lipate tako. Ukipata nafasi ya kututumia mfuko, sisi tutakutumia malakiti (lile jiwe la kijani la shaba) kidogo kwa hazina ya joka.

Mwalimu, Ruashi: Joka lenyewe litakuwa na ukubwa gani? Na karatasi kubwa hivyo haianguki?

Jibu: Papa mwalimu, kwa kanuni za mchezo ule, mnyama mkubwa anachukua miraba 2 kwa 2, aliyezidi 3 kwa 3. Kwa miraba yetu ni sm 6 au sm 9. Ubao mmoja wa ukubwa huo unapinda, hasa mvua za Januari. Fanya vipande viwili: mwili kwa ubavu, mabawa kwa mbele. Kata mfereji katikati ya kila kimoja, wa juu kwa huyu, wa chini kwa yule, uvipishe viwe msalaba. Linasimama bila kifuniko chochote, na linaonekana joka pande zote nne.

Bukavu, mwanafunzi: Hatuna dadu ya nyuso 20. Tunafanyaje?

Jibu: Andika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi vya ukubwa mmoja, uvikunje sawa, uvitie kwenye kopo. Kila namba ina nafasi asilimia 5, sawa na dadu. Sharti ni moja: ukishatoa, rudisha na utikise kabla ya mwingine kutoa. Msiporudisha, ikishatoka 20 haitarudi tena mpaka kopo liishe, na wajanja wataanza kuhesabu. Pale kwetu kuna mmoja alikuwa anaikunja 20 tofauti kidogo na nyingine. Tulimgundua mwezi wa tatu.