Kabla Hujajibu Swali la "Je, Taarifa Zinatosha?" Kwenye Jometri

Maswali haya hayataki ukokotoe. Unapewa swali na taarifa mbili, kisha useme tu: inatosha ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, yoyote kati yake, mpaka ziunganishwe, au hata zikiunganishwa bado. Wanaofeli mara nyingi kanuni wanazijua.

Kanuni za eneo, mzingo na Pythagoras ziwe kichwani. Hilo halina mjadala.

Mchoro usiuamini. Pembe haiwi ya nyuzi 90 kwa kuonekana hivyo.

Jua umbo linadai nini. Duara ukijua kipenyo umelimaliza. Mraba nao unatosheka na urefu mmoja. Mstatili unadai vipimo viwili. Pembetatu ukipewa pembe zote tatu, umepata umbo, ukubwa bado.

Sasa lile linaloangusha hata mahodari: ukifika taarifa ya pili, ya kwanza ifunike. Ifunike kwa kiganja, sitanii. Nilimwona kijana mkali wa hesabu akiulizwa eneo la mstatili. Taarifa ya kwanza: mzingo ni sentimita 28. Akasema haitoshi, pande zaweza kuwa 10 na 4, au 12 na 2. Sawa kabisa. Ya pili: ulalo (mstari wa kona hadi kona ya mkabala) ni sentimita 10. Akatabasamu: 6, 8, 10, eneo ni 48, ya pili inatosha peke yake!

Akakosa. Ulalo wa 10 unaingia hata kwenye mraba wenye eneo 50 (mraba nao ni mstatili), na nani kasema pande lazima ziwe namba nzima? Hiyo 6 na 8 ilimjia upesi kwa kuwa jumla yake ni 14, nusu ya ule mzingo aliopaswa kuusahau. Kilichomuuma zaidi ni kwamba 48 ndilo eneo lenyewe, ila hulipati bila kuunganisha zote mbili: 14 mara 14 ni 196, toa 100 (ulalo mara ulalo), inabaki eneo mara mbili, gawanya kwa 2. Pande zenyewe hata huzitafuti.

Angalia pia pande mbili zenye pembe isiyo katikati yao. Pande 8 na 5, pembe ya nyuzi 30 ikitazamana na ule wa 5: zinatoka pembetatu mbili tofauti.

Mengine ni umakini tu. Wameuliza kipenyo au nusu yake? Vizio vinalingana? Na swali likiwa "je, eneo linazidi 20?", taarifa inayokupa "hapana" ya uhakika nayo imetosha.