Kupanga NAPS2 kwa kazi ya vyeti: profaili, rangi, ukubwa na majina ya faili

Ninaendesha steshenari Morogoro, na kazi inayonileta mapema dukani ni kuskani vyeti: vya kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita, vya chuo. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu yakifunguliwa, au nafasi za kazi zikitangazwa kwenye Ajira Portal, foleni inatoka nje ya mlango.

Katika msimu mmoja wa namna hiyo binti alirudi kwangu machozi yakimlengalenga. Maombi yake yalikuwa yamerudishwa kwa sababu muhuri kwenye nakala ya cheti haukuonekana. Cheti chenyewe kilikuwa na muhuri wa zambarau uliokolea vizuri. Niliyekiskani ni mimi, na programu ilikuwa imebaki kwenye nyeusi na nyeupe kutokana na mkataba niliotoka kumskania mteja mwingine. Tangu siku hiyo siskani kitu chochote kwa mipangilio iliyobaki kutoka kazi ya nyuma. Kila aina ya kazi ina profaili yake, yaani mipangilio iliyohifadhiwa kwa jina, na hapa nakuonyesha ninavyozitengeneza.

Natumia NAPS2. Ni programu ya kuskani, ya bure, ya chanzo huria, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Maneno ya kwenye skrini nitayaandika yalivyo ili uyatambue ukiyaona.

Hatua ya 1: Tengeneza profaili na uchague draiva

Washa skana kwanza, kisha fungua programu. Bonyeza "Profiles", halafu "New". Kwenye "Display name" andika jina ambalo hata kijana anayekusaidia dukani ataelewa bila kuuliza. Ya kwanza kwangu inaitwa "VYETI RANGI", kwa herufi kubwa.

Kwenye Windows utaulizwa utumie WIA au TWAIN. Hizi ni njia mbili za kompyuta kuzungumza na skana. WIA ni ya Microsoft na mara nyingi inakubali bila matatizo. TWAIN inategemea draiva ya mtengenezaji wa skana (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuiendesha skana hiyo), na kwa mashine nyingine ndiyo inayotoa chaguo zote, hasa za kulisha karatasi nyingi. Anza na WIA. Skana ikigoma, ikikata ukingo wa karatasi au ikikataa kuskani pande mbili, rudi ujaribu TWAIN kabla hujamwita fundi. Kwa skana iliyounganishwa kwa Wi-Fi kuna ESCL, ambayo kwa kawaida haihitaji kusakinisha draiva.

Chini yake chagua "Use predefined settings". Ukichagua ile nyingine, "Use native UI", kila ukiskani litafunguka dirisha la mtengenezaji wa skana, na profaili uliyoitengeneza haitakuwa na kazi.

Hatua ya 2: Rangi, na hapa usiharakishe

Sehemu ya "Bit depth" ina chaguo tatu: rangi, kijivu, na nyeusi na nyeupe. Wengi huzichukulia kama suala la ukubwa wa faili tu, kumbe hapa ndipo muhuri unapopona au kupotea.

Ukichagua nyeusi na nyeupe, programu inaamua kila nukta ya picha iwe nyeusi tii au nyeupe pee. Hakuna katikati. Wino mweusi wa printa unapita salama. Lakini muhuri wa bluu iliyopauka, sahihi ya kalamu inayokaribia kuisha, au alama ya maji kwenye karatasi ya cheti, vyote viko katikati, na mara nyingi vinaangukia upande wa nyeupe. Kijivu kinahifadhi ngazi 256 za mwanga, kwa hiyo muhuri utaonekana, ila anayekagua hatajua kama ulikuwa wa bluu au ni fotokopi. Rangi inahifadhi vyote.

Kwa cheti, weka rangi, hata kama karatasi yote inaonekana nyeusi na nyeupe machoni pako. Kijivu nakiachia barua za kawaida na matokeo yaliyochapwa kutoka mtandaoni. Nyeusi na nyeupe ni ya mikataba mirefu na notisi za darasani, ambapo mtu anataka kurasa 60 katika faili jepesi.

Hatua ya 3: Nukta kwa inchi

Weka 300 dpi. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kabla ya kubanwa, ukurasa huo mmoja ni takriban MB 26 kwa rangi, MB 8.7 kwa kijivu, na MB 1.1 tu kwa nyeusi na nyeupe. Ukipandisha hadi 600, kila namba kati ya hizo inazidishwa mara nne, siyo mara mbili, kwa sababu nukta zinaongezeka kwa upana na kwa urefu pia. Mteja hatapata chochote cha zaidi isipokuwa kusubiri na faili ambalo portal italikataa. Nafika 600 kwa picha ndogo ya pasipoti inayotaka kukuzwa, basi.

Kwenye "Paper source" chagua "Glass" kwa vyeti vyote. Usikipitishe cheti halisi cha mtu kwenye mashine ya kulisha karatasi. Karatasi ya cheti cha zamani ina mikunjo na hunasa, na ikichanika hakuna maneno utakayomwambia mwenye nacho.

Hatua ya 4: Ndani ya "Advanced"

Ubora wa picha nauweka 75. Kuna kisanduku cha kunyoosha ukurasa uliopinda, "Deskew". Kitie alama, kinaokoa muda.

Kisanduku cha kuondoa kurasa tupu, "Exclude blank pages", kiache bila alama kwenye profaili ya vyeti. Kazi yake ni kupima ukurasa una wino kiasi gani, na ukiwa mdogo sana unatupwa. Sasa nyuma ya cheti mara nyingi kuna muhuri mmoja wa uthibitisho pembeni, au mstari mmoja wa kalamu, na sehemu iliyobaki ni nyeupe. Mashine inaweza kuuona ukurasa huo kuwa mtupu. Kitie alama kwenye profaili ya mikataba ya pande mbili tu, na hata huko hesabu kurasa.

Portal ikikataa faili kwa uzito, fuata mpangilio huu: kwanza shusha ubora wa picha hadi 60 uskani upya. Bado zito? Shusha hadi 200 dpi. Rangi usiiguse.

Hatua ya 5: Majina ya faili na kurasa za mteja aliyetangulia

Rudi kwenye dirisha la profaili, tia alama kwenye "Enable Auto Save", kisha ufungue mipangilio yake. Kwenye njia ya faili unaweza kuandika alama ambazo programu itazijaza yenyewe. Mimi nimeweka:

D:\Skani\$(YYYY)-$(MM)-$(DD)\cheti-$(nnn).pdf

Kila siku inapata folda yake, na kila faili namba yake: cheti-001, cheti-002, na kuendelea. Hakuna tena "scan", "scan mpya" na "scan mpya ya mwisho".

Hapohapo kuna "Clear images after saving". Kitie alama bila kufikiri mara mbili. Bila hicho, kurasa za mteja aliyeondoka zinabaki kwenye skrini, na anayefuata anaweza kutumiwa PDF yenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwenzake. Kosa hilo ni zito kuliko muhuri uliofifia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na steshenari yenye kompyuta moja nayo inashika taarifa za watu. Jioni, kabla ya kufunga, nafuta folda ya siku hiyo na kumwaga kapu la takataka la kompyuta. Mteja akitaka nimtunzie, aseme mwenyewe.

Hatua ya 6: Maandishi yanayotafutika

Hii siyo ya vyeti. Ni ya mtu aliyeleta ripoti au kitabu cha mihutasari ya kikundi na anataka kutafuta neno ndani yake. Bonyeza "OCR". Utaulizwa upakue lugha, na Kiswahili kimo kwenye orodha. NAPS2 inatumia Tesseract, injini ya kusoma maandishi iliyoanzia kwenye maabara za Hewlett-Packard miaka ya 1980 na baadaye ikawekwa huria. Chagua lugha ya waraka wenyewe. Ukisoma waraka wa Kiswahili kwa lugha ya Kiingereza, maneno mengi yatatoka yamevurugika. 300 dpi inatosha, na mwandiko wa mkono usiutegemee.

Hatua ya 7: Rudia kwa profaili nyingine, kisha jaribu

Kwangu ziko nne: "VYETI RANGI", "BARUA KIJIVU", "MKATABA PANDE MBILI" na "PICHA 600". Chagua ya vyeti uifanye kuwa ya kawaida kwa "Set Default", ili kidole kikikosea, kikosee upande usio na madhara. Mshale ulio kando ya kitufe cha "Scan" unaonyesha zote.

Kwa majaribio usitumie karatasi safi. Chukua fotokopi iliyokwisha kazi, gonga muhuri wako wa duka ambao wino wake unakaribia kukauka, na uweke sahihi kwa kalamu ya bluu. Iskani kwa kila profaili, fungua PDF, na ukuze hadi herufi za ukingo wa muhuri zijae skrini. Kwenye "VYETI RANGI" lazima uzisome zote. Zikiwa zimepauka, shusha mwangaza kidogo kwenye "Brightness" uskani tena. Halafu fungua ile ya nyeusi na nyeupe uone kilichobaki cha muhuri uleule, na umwite kijana wako wa dukani naye aone.