Dakika Kumi za Kuamua: Jinsi ya Kuendesha Zoezi la Tahadhari ya Nyuklia kwenye Klabu ya Mdahalo

Klabu ya mdahalo ikijadili kama silaha za nyuklia zina faida kuliko hasara, upande mmoja unatetea, mwingine unapinga, makofi yanapigwa, basi. Jinsi vita inavyoweza kuanza kwa bahati mbaya haiguswi. Zoezi hili linaigusa: nchi moja inapata tahadhari kwamba jirani amerusha makombora ya nyuklia, na rais wake ana dakika chache za kuamua kama ajibu, bila kujua tahadhari ni ya kweli au ya uongo. Shule yoyote ya sekondari Tabora au Kigoma inaweza kuliendesha kwa saa mbili bila kompyuta.

Tafuta watu 12 na madarasa mawili yanayopakana. Nchi ya Mto ina rais, mkuu wa majeshi, mshauri, maofisa wawili wa kituo cha tahadhari na mmoja anayeigiza mashine ya akili mnemba. Nchi ya Mlima, darasa la pili, ina rais, mkuu wa majeshi na mshauri. Wanaobaki ni tarishi, mtunza saa na msimamizi, ambaye awe mwalimu mlezi. Majina ya nchi yawe ya kubuni, na msilegeze hapo. Ukitaja Marekani na Urusi, zoezi linageuka ubishi wa ushabiki. Ukitaja nchi za Maziwa Makuu ni vibaya zaidi, maana Kigoma hasa hukosi mwanafunzi ambaye ndugu zake walikimbia vita ya kweli.

Kabla ya kila raundi msimamizi anachomoa kikaratasi kimoja kati ya sita: vitano vimeandikwa "hakuna shambulio", kimoja "shambulio la kweli". Matokeo anamnong'oneza rais wa Mlima tu. Usiiruke hatua hii. Tahadhari ikiwa ya uongo kila mara, wanafunzi watajifunza kukaa na kungoja, na hakuna kitakachowauma kichwa.

Raundi ya kwanza ni dakika 10. Kombora la kutoka bara hadi bara huruka takriban dakika 30, na ukitoa muda wa kuligundua, kuthibitisha na kumpata rais, kinachobaki kwa uamuzi ni kama hizo kumi. Maofisa wanapewa kadi ya data ghafi: "Satelaiti: mimweko 5 upande wa Mlima", yaani miale kama ya makombora yakirushwa. Dakika ya sita wanapata kadi ya rada ya ardhini. Andaa kadi za rada za aina mbili, "hakuna kitu" na "vitu 5 vinakuja", utoe inayolingana na kikaratasi.

Raundi ya pili ni dakika 5, kwa sababu makombora yaendayo kasi mno na yale yanayorushwa kutoka manowari hupunguza muda. Safari hii maofisa hawaoni data. Mashine inasoma kadi moja: "Makombora 5. Uhakika asilimia 97. Pendekezo: jibu sasa." Ikiulizwa kwa nini, inarudia sentensi ileile. Kadi ya rada ipo mezani, imefunikwa, na anayeiomba anapewa. Wengi hawaiombi. Msimamizi aandike pembeni ni dakika ya ngapi swali la mwisho lilipoulizwa; takwimu hiyo itamfaa baadaye kuliko uamuzi wenyewe.

Raundi ya tatu inarudi dakika 10. Mashine ipo, data ghafi ipo wazi, na tarishi anabeba ujumbe kati ya Mto na Mlima: maneno yasiyozidi 20, kwa maandishi, dakika moja kwenda na moja kurudi. Maandishi yana sababu. Mawasiliano ya dharura kati ya Washington na Moscow, yaliyowekwa 1963 baada ya mgogoro wa 1962 kuhusu makombora ya Kisovieti nchini Cuba, yalikuwa ya mashine za kuchapa, si simu ya sauti. Sauti husikika vibaya, na mkalimani akikosea hakuna muda wa kurekebisha.

Kila raundi iishe na karatasi ya uamuzi: saa, chaguo (kujibu kwa makombora, kungoja uthibitisho, kuwasiliana), sababu ya sentensi moja, sahihi ya rais na ya mkuu wa majeshi. Bila karatasi hiyo, atatokea mchekeshaji arushe makombora dakika ya kwanza ili darasa licheke.

Majadiliano yachukue dakika 40, na hapo ndipo historia itajwe, si mapema. Tarehe 26 Septemba 1983, Stanislav Petrov wa jeshi la Kisovieti aliona mfumo wa satelaiti ukiripoti makombora matano. Aliripoti kuwa ni kosa la mfumo; ulikuwa mwanga wa jua juu ya mawingu. Marekani nayo ilipata tahadhari za uongo: Novemba 1979 kwa mkanda wa mazoezi uliosomwa na kompyuta kama shambulio la kweli, Juni 1980 kwa chipu mbovu. Chanzo ni kingine kila mara. Halafu uliza: ile asilimia 97 imetoka wapi? Hakuna shambulio la makombora ya nyuklia lililowahi kutokea la kuifundishia mashine, kwa hiyo inafundishwa kwa mifano ya kubuni, na uhakika wake ni wa mifano hiyo.

Klabu ikitaka kuandika barua kwa mbunge, ukurasa mmoja unatosha. Anzeni na Nyerere, aliyesoma Tabora, na ambaye Mei 1984 aliungana na viongozi wa nchi nyingine tano kuzitaka dola za nyuklia zisimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo. Ombi la kwanza: Tanzania iunge mkono kwenye Umoja wa Mataifa sharti kwamba uamuzi wa kutumia nyuklia ubaki kwa binadamu, jambo ambalo Biden wa Marekani na Xi wa China walikubaliana Lima, Peru, mnamo Novemba 2024. La pili ni Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ambao Tanzania iliusaini Septemba 2019. Kuridhia mikataba ni kazi ya Bunge kwa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, basi angalieni kwanza kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa kama Tanzania imeshauridhia, kisha mwombeni mbunge aulize swali la msingi bungeni. Barua ifike kabla ya Oktoba, Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, inayoshughulikia upunguzaji wa silaha, inapoanza vikao New York. Mkiambatisha karatasi za uamuzi, futeni majina ya wanafunzi.