Kabla hujashuka mgodini Mirerani au kukodi shamba Simanjiro, andikishaneni kwanza

Naandika hii kwa wadogo zangu wa huku mlimani, Rombo, Marangu, Kibosho, Machame, wale ambao kila Januari wageni wa sikukuu wakishaondoka wao wanabaki wanaangalia kihamba cha mzee, yaani shamba la ukoo, ambacho kimeshagawanywa mpaka hakigawanyiki tena. Wa kwanza kapata chake, wa mwisho ndo anabaki na nyumba ya wazazi, sisi wa katikati tunaambiwa nenda katafute. Mi ni wa katikati. Nimechimba tanzanite Mirerani miaka sita, afu nikakodi mashamba Simanjiro misimu minne, na kote huko nimepigwa kwa sababu moja, sikuwa na karatasi.

Mgodini ardhi ni ya mwenye leseni, shambani ardhi ni ya mfugaji mwenye boma, we umekuja na mikono yako na neno la mtu. Na neno linakaa vizuri tu kipindi hamna kitu. Sisi tulichimba miezi kumi na nne tunakula maharage na ugali wa tajiri, yaani bosi wa mgodi, kila tukiuliza tunaambiwa fanyeni kazi vijana, mgodi ukitema mawe kila mtu atacheka. Ukatema kweli. Tukapewa elfu hamsini hamsini tukaambiwa gharama zilikuwa kubwa, na hapo hakuna mtu angeweza kubisha maana gharama zenyewe hatukuwahi kuziona zimeandikwa popote, na mgao wetu haukuwahi kutajwa asilimia ngapi. Mgodi siutaji na mtu simtaji, nachotaka ni wewe usifike pale nilipofika mimi.

Tuanze na safari. Kutoka Moshi unapanda gari za Arusha unashuka njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, pale unapata gari za Mirerani, barabara ni lami siku hizi, kama kilomita 26. Kabla hujaondoka fanya vitu viwili. Beba kitambulisho cha NIDA, maana eneo la migodi limezungushiwa ukuta wa kilomita 24 na nusu tangu 2018 na huingii tu kama unaingia sokoni, unaingia ukijulikana wewe ni nani na unafanya kazi mgodi gani, na ukitoka unapekuliwa. Cha pili, piga eksirei ya kifua kabla hujaanza kazi na uitunze nyumbani. Watu wengi wanalidharau hili. Vumbi la kule linaingia kwenye mapafu na halitoki, na mtu mwenye mapafu yenye vumbi anashikwa na kifua kikuu kirahisi sana, siku ukianza kukohoa daktari atataka kujua mapafu yako yalikuwaje kabla. Kikohozi kikizidi wiki mbili usinunue dawa za dukani, nenda hospitali ya serikali, vipimo na dawa za TB ni bure, na Kibong'oto pale Siha wanawajua wachimbaji wa Mirerani miaka mingi.

Sasa ukifika usikimbilie mgodi wa kwanza unaoambiwa wanahitaji watu. Kaa siku tatu nne kwa ndugu au kwa mtu wa kwenu, uliza wanaapolo, yaani wachimbaji, waliotoka pale, mara ya mwisho mgodi ulitema lini na waligawanaje. Wakikuambia waligawana vizuri waulize vizuri ni shilingi ngapi.

Afu uliza mwenye leseni ni nani. Hapa wengi tunakosea kwa sababu tunaongea na meneja tukidhani ndo mwenye mali. Mara nyingi kuna watu watatu, kuna mwenye leseni, kuna mfadhili anayetoa hela ya mafuta na baruti, na kuna meneja anayewaamsha asubuhi. Leseni ndogo ya uchimbaji inatolewa na Tume ya Madini kwa Mtanzania tu, na inadumu miaka saba kabla ya kuhuishwa, kwaiyo omba uone jina na tarehe. Ukiambiwa leseni ipo Arusha itakuja, subiri ije. Sahihi ya meneja peke yake isikutoshe, siku ya ugomvi meneja anaweza akawa ameshahamia mgodi mwingine, weka ya mwenye leseni na ya mfadhili kama yupo.

Sasa mgao, na hapa naomba usome taratibu. Asilimia peke yake haina maana mpaka mkubaliane ni asilimia ya nini. Chukua mfano, mawe yameuzwa milioni 40, mpo watu ishirini, mlikubaliana asilimia 10. Kama ni asilimia 10 ya bei ya kuuzia, ni milioni 4, kila mtu laki mbili. Sasa kama ni baada ya makato na gharama, kwanza inatoka ya serikali, mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, hiyo ni milioni 2 na laki 8. Inabaki milioni 37 na laki 2. Mfadhili anasema mafuta, baruti na chakula milioni 20. Inabaki 17 na laki 2, asilimia 10 yake ni milioni 1 na laki 7 na elfu 20, gawa kwa ishirini, elfu 86. Jiwe ni lile lile na asilimia ni ile ile, lakini kila mtu kapoteza zaidi ya laki moja kwa sababu ya neno "baada". Kwaiyo mkatae neno "baada", na kama tajiri hataki kabisa, basi mkubali kwa sharti kwamba gharama zinaandikwa kila wiki kwenye daftari na mmoja wenu anasaini kila ukurasa.

Karatasi yenyewe haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Andikeni hivi, au mnavyoweza:

"Mimi fulani, mwenye leseni namba fulani, nimekubaliana na wachimbaji waliosaini hapa chini, tarehe fulani. Nitatoa chakula, mafuta ya kompresa, baruti, maji ya kuchorongea na barakoa. Mawe yakiuzwa wachimbaji watapata asilimia kadhaa ya bei ya kuuzia kabla ya kutoa gharama, na itagawanywa kwa siku za kazi zilizoandikwa kwenye daftari. Wachimbaji wawili watakaochaguliwa na wenzao watakuwepo mawe yakithaminishwa na yakiuzwa. Mchimbaji akiumia kazini nitalipa matibabu na jina lake litabaki kwenye mgao. Mchimbaji akiondoka au akiondolewa kabla ya mauzo atalipwa kwa siku alizofanya."

Hiyo sentensi ya mwisho msiiache. Mchezo mkubwa wa migodini ni kuondoa watu wiki ambayo mwamba umeanza kuonyesha dalili, halafu wanaingizwa wapya au ndugu wa tajiri, na wewe uliyechoronga mwaka mzima unasikia habari ukiwa kijiweni.

Daftari la siku za kazi muwe nalo la kwenu, si la meneja tu. Sisi baadaye tulikuwa na kaunta buku moja limefungwa kwenye nailoni, kila jioni mtu akitoka chini mikono ina udongo mweusi anaweka alama mbele ya jina lake, kurasa nyingine huwezi hata kusoma vizuri kwa ajili ya vidole, lakini Jumapili tulikuwa tunapiga picha kila ukurasa na kutuma kwa watu watatu. Lile daftari ndo lilinilipa mgao wangu mgodi wa pili.

Kwenye usalama sitaki kukutisha ila lazima niseme. Mwaka 1998 na tena Machi 2008 maji ya mvua yaliingia mashimoni yakaua watu wengi, na mwaka 2002 watu zaidi ya thelathini walikosa hewa chini. Kwaiyo masika ikianza, wingu likiwa zito usikubali kushuka, na usishuke kama mtu wa kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa chini, hayupo au mafuta yanapimwa kwa kijiti. Baruti ikishapigwa subiri hewa isafishwe hata kama wenzako wanakuita muoga. Na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi mgodini kisheria, ukimkuta mdogo wako pale mrudishe nyumbani, mpe hata nauli yako.

Watakuambia we si mfanyakazi, we ni mbia, huna mshahara kwaiyo huna haki. Sio kweli moja kwa moja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema kama unapangiwa kazi na mtu, au unatumia vifaa vyake, au unamtegemea yeye kwa riziki, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, unahesabiwa mfanyakazi mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Hata moja ya hizo inatosha kuanzia. Na daftari lenu ndo ushahidi wa hizo saa.

Haya, tuje shambani. Wengi tukichoka na mgodi au tukipata kitu kidogo tunaenda kukodi ekari kule Simanjiro, tunalima mahindi na maharage. Ardhi ni nzuri, ila mle ni kwa wafugaji, na ugomvi mwingi unaanza kwa mgeni kukodishwa eneo ambalo si la mtu mmoja. Kijana mmoja anakuonyesha pori zuri anakuambia ni la baba yake, unalipa, unaleta trekta, wiki ya pili wazee wanakuja na fimbo wanakuambia hapa ni malisho ya kijiji. Na wana haki. Kabla hujatoa hata senti nenda ofisi ya kijiji, muulize mtendaji kama lile eneo ni la mtu au limetengwa kwa malisho, afu nenda bomani kwenyewe ukakae na mzee, unywe chai, umsalimie na yeyo, mama wa boma. Huyo mama msalimie kwa heshima na uulize mbele yake, maana kama shamba ni la familia na yeye hajaridhia, mkataba wako una tatizo hata kama mzee ameshasaini. Mwombe aweke dole gumba.

Kuhusu kipimo. Watu wanapima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na hiyo inakuja sawa kama hatua ni ya yadi moja, yaani mguu umevutwa kweli. Mtu akitembea hatua ya kawaida, ya sentimita 75, hizo 70 zinakuwa mita 52 na nusu, na hapo umepewa kama theluthi mbili ya ekari huku umelipa ekari nzima. Nenda na kamba uliyoipima mwenyewe, mita 64 kila upande inatosha. Mi nilipima baada ya kupanda, nikakuta ekari zangu tano hazifiki hata nne, na mbegu nilishanunua ya tano.

Kwenye mkataba wa shamba andikeni msimu unaisha lini, kwa tarehe, sio "mpaka uvune", kwa sababu mvua ikichelewa mahindi yatachelewa na ng'ombe hawasubiri. Andikeni mabua ni ya nani baada ya kuvuna. Kwa mfugaji mabua ni chakula cha mifugo kiangazi, ukiyachoma au ukiyauza bila kusema umemkosea sana, na mi naona ni busara kumwachia, mwakani atakukodisha tena. Andikeni mifugo ikiingia nani anatathmini hasara. Mashahidi wawe wa pande zote mbili pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji agonge muhuri, na hela lipa mbele ya hao hao.

Ikitokea ugomvi wa ardhi anza kijijini, halafu baraza la kata ambalo kazi yake ni kusuluhisha, ikishindikana unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwingi unaisha kijijini kama karatasi ipo.

Ugomvi wa kazi unapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko siku zinahesabiwa. Kuachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tu kupeleka lalamiko, madai mengine kama malipo siku 60. Mi nilikaa miezi mitano nikisubiri tajiri apunguze hasira, nilipoenda kuuliza nikaambiwa nimechelewa, niombe kwanza kuruhusiwa na nieleze kwa nini. Kwaiyo siku ile ile unaambiwa kesho usirudi, hata kama ni usiku na mnaongea getini, toa kalamu uandike tarehe, saa, aliyekuambia na waliokuwepo, upige picha, uitume nyumbani kabla hujapanda gari.