Namna ya Kuunda Kikundi cha Dhamana Mtaani

Mtu anayelala mahabusu katika gereza la Kisongo, Arusha, kwa kukosa mdhamini hajahukumiwa na mahakama yoyote. Kwa hiyo mtaa wa Arusha unaotaka kupunguza watu magerezani, kama wanavyodai wanaharakati wa kukomesha magereza tangu mkutano wao mkubwa wa Berkeley, Marekani, mwaka 1998, unapaswa kuanza naye.

Kusanyeni majirani kumi au kumi na watano walio tayari kuwa wadhamini, wenye kitambulisho cha taifa na wanaofahamika kwa mtendaji wa mtaa. Kama tayari mna kikundi cha kuweka na kukopa, tumieni hicho hicho, kwa kuwa watu wake wamezoea kuaminiana kwa fedha. Mfuko wa kikundi utalipia nauli na nakala za vitambulisho, wala si dhamana yenyewe, kwa sababu dhamana hainunuliwi, na anayedai malipo yasiyo na stakabadhi anaomba rushwa.

Barua za utambulisho ziandaliwe mapema. Nilimwona mama mmoja mahakamani, mkononi ana mfuko wa sabuni na kanga, akiambiwa kwamba wadhamini wawili aliokuja nao hawana barua za serikali ya mtaa. Ofisi ya mtaa ilikuwa mwendo wa nusu saa tu, lakini waliporudi karandinga lilikuwa limeshaondoka na mwanawe, na kesi ilipangwa kutajwa tena baada ya siku 14.

Ndiyo maana mmoja wenu awe anapigiwa simu hata usiku, awahi kituoni kuomba dhamana ya polisi kabla mtuhumiwa hajapelekwa mahakamani. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana, na familia ielezwe hivyo bila kufichwa. Mdhamini naye aelewe kwamba mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye atakayedaiwa kiasi kilichoandikwa kwenye hati. Msindikizeni mshtakiwa kila tarehe ya kesi.

Aliyeibiwa au kupigwa pia ni jirani yenu. Mtembeleeni kwanza, mkamsikilize bila kumshinikiza asamehe. Shambulio la kawaida linaweza kumalizwa kwa suluhu mbele ya mahakama, lakini ukatili wa kijinsia msiupeleke kwenye kikao cha wazee, ambako mara nyingi anayenyamazishwa ni aliyeumizwa.

Kosa likithibitika, ombeni adhabu ya huduma kwa jamii, ambayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu pale ambapo kifungo hakingezidi miaka mitatu, na muwe tayari kumweleza afisa anayeandaa taarifa ya mshtakiwa jinsi anavyoishi na nani anamtegemea.

Wekeni pia daftari la misako ya polisi mtaani: tarehe, mahali, idadi ya waliokamatwa na kosa walilosomewa. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu vinawagusa hasa vijana wasio na kazi wanaoitwa wazururaji, ilhali Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu na zirekebishwe au zifutwe. Maombi ya kutaka maoni hayo yalipelekwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Daftari lenu lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, diwani akiwepo, kisha nakala ipelekwe kwa mbunge.

Siku mtu wenu anapotoka, wawili wamngoje langoni wakiwa na nauli na nguo safi, na mwenye nyumba wake awe ameshazungumzwa naye.